CD za Zahanati Kwenye Mtama wa Dada

Nyinyi vijana mnaonunua kompyuta zilizokufa kwa ajili ya vipuri, na nyinyi mnaokaa kwenye vibanda vya simu pale stendi, haya nawaandikia nyinyi. Baadhi yenu mmenifuata hadi nyumbani Kigera mkitaka kujua kazi yangu ilikuwa nini hasa, maana mmesikia kwamba nililipwa kuharibu vitu. Ni kweli. Kwa miaka mingi ofisi, shule na zahanati za huku kwetu Mara ziliniita nikaue vyombo vyao vya zamani vya kutunzia taarifa: diski ngumu zinazokaa ndani ya kompyuta, CD, flashi, kadi za simu. Watu walinicheka. Fundi gani huyu asiyetengeneza? Mama mmoja wa Bunda alinitambulisha kwa mgeni wake kuwa mimi ndiye yule wa kubomoa, na mgeni akaniuliza kwa heshima kama tingatinga ni langu au nakodi.

Sikuipanga kazi hiyo. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa na sikukosa daftari. Lori la pamba liliharibika karibu na shule, nikataka kuona lina nini ndani. Nilikaa na watu wa lile lori siku mbili nikiwashikia spana, na lilipowaka niliondoka nalo. Tangu hapo nikawa mtu wa kuhama. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, nikaingia kwenye boti za dagaa Musoma, nikakaa kwa fundi redio mmoja mkali ambaye hakuniruhusu kugusa redio mpaka niweze kuifungua na kuifunga nikiwa nimefumba macho. Kila chombo nilitaka kukifungua, na nikishakielewa nilikichoka. Hii kazi moja sikuichoka. Nadhani ni kwa sababu niliikosea vibaya mapema, na sikutaka kuondoka nikiwa bado nadaiwa na makosa yangu.

Kwanza niwaambie jambo ambalo hata watu wa ofisini wenye vyeti vyao hawalijui. Kufuta siyo kufuta. Mwalimu akikata jina la mtoto kwenye daftari la mahudhurio, mtoto haondoki darasani. Bado amekaa kwenye dawati lake anakuangalia. Kompyuta ndivyo inavyofanya ukiiambia ifute. Inakata jina kwenye daftari lake, basi. Akija mtu mwingine na programu ndogo tu ya kutafutia, atamkuta mtoto pale pale. Kama chombo bado kinafanya kazi, ni lazima kiandikwe upya kuanzia mwanzo hadi mwisho, juu ya yale ya zamani. Baada ya hapo ndipo unachukua nyundo au drili.

Mimi nilianza na sumaku. Mtu aliniambia sumaku ya spika inamaliza kila kitu, nikaamini, kwa sababu sumaku inapendeza kuiamini. Nikachukua diski ngumu ya mwalimu mkuu mmoja nikaipaka sumaku juu na chini kama mtu anayechua goti lililoteguka. Nikamrudishia nikiwa nimetuna kifua. Akaichomeka kwenye kompyuta mbele yangu, na picha za harusi yake zikafunguka zote, mpaka ya keki. Akaniuliza, "Fundi, hii umeiharibu au umeifutia vumbi?"

Mengine niliyajifunza kwa namna hiyo hiyo. Diski ngumu ya laptopu, sahani zake za ndani mara nyingi ni za kioo. Niliipiga ya kwanza kwa nyundo nikitarajia ipinde, ikapasuka, na siku tatu nikawa natoa vipande kwenye nywele. Leo nasema vaa miwani, hata kama ni ya kuogopea jua, na ifunge kwanza kwenye gunia. Flashi nayo ina hila. Wengi wanavunja kile chuma cha kuchomekea wanadhani wamemaliza, kumbe siri iko kwenye kile kipande cheusi ndani, na fundi mzuri atakihamisha. Kipande cheusi ndicho cha kusaga. Mashine kubwa za fotokopi za ofisini pia zina diski tumboni, na zinakumbuka barua nyingi zilizopita juu ya kioo chao. Ukinunua moja kuukuu, ujue huenda umenunua na barua za watu. Na usichome moto. Nilijaribu mara moja kwenye jiko la mkaa la dada yangu, moshi ukaingia kwenye ugali, na mpaka leo watoto wake wakinusa plastiki wanataja jina langu.

Hayo yote ni ya mikono. Kosa ninalotaka kuwaambia halikuwa la mikono peke yake.

Kulikuwa na zahanati moja upande wa Bunda. Jina lake silitaji, na mtanielewa kwa nini. Masjala yao ilishikwa na mama mmoja niliyemwita Dada Nyangeta, mtu mzima kuliko mimi, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kazi hii inahitaji shahidi. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu. Kila chombo kilichotoka masjala kiliandikwa, na mimi sikuruhusiwa kuandika neno "kimeharibiwa" mpaka yeye aone kwa macho yake. Nilipotoboa diski alisimama nyuma yangu. Nilipomaliza aliokota kipande, akakigeuza, akakitazama tundu kwa tundu kama anayechagua mchele.

Siku moja alinipa CD ishirini. Zilikuwa nakala za zamani za orodha za wagonjwa na vipimo vyao, kwa sababu zahanati ilikuwa imepata mfumo mpya na hazikuhitajika tena. Alizihesabu mbele yangu. Kisha akaitwa. Kulikuwa na msiba kwa wakwe zake, na gari lilikuwa linamsubiri nje. Akasimama na mkoba begani, akanitazama muda mrefu kidogo.

"Nakuamini, Majura," akasema. "Zimalize leo, uandike."

Nilizimaliza siku hiyo hiyo, au ndivyo nilivyodhani. Nilichukua msumari nikakwaruza kila moja upande ule unaong'aa, duara juu ya duara, mpaka zikawa na ukungu. Nikajaribu mbili kwenye kompyuta, zikakataa kufunguka. Mbili kati ya ishirini. Nikafungua daftari la Dada Nyangeta nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la sita: Zimeharibiwa zote ishirini. Nikaweka sahihi. Nikazibeba kwenye kisanduku nikanuia kwenda kuzitupa mbali.

Nilipitia Kiriba kwa dada yangu mkubwa, Mama Mafuru. Mtama wake ulikuwa umeanza kukomaa, na mwaka ule kwelea kwelea walikuja kama wametumiwa barua ya mwaliko. Majirani walikuwa wametundika CD mbovu kwenye kamba, zinazunguka na upepo wa ziwani na kumulika jua, na ndege waliziogopa. Wengi wenu mmeona mashamba ya namna hiyo. Dada akaona kisanduku changu.

"Majura, vitu vinavyong'aa umejaza sanduku zima, na mimi ndege wananimaliza. Unamtunzia nani?"

Nilijiambia zimeshakufa. Nilijiambia pia kwamba ni vizuri kitu kilichokufa kikifanya kazi. Tukapitisha kamba kwenye tundu la katikati la kila moja, tukazitundika zote ishirini, na shamba likawa linameremeta kama kanisa siku ya Krismasi. Ndege wakahamia kwa jirani. Nilirudi Kigera nikiwa nimejipenda sana.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Kwenye CD, taarifa hazikai upande ule unaong'aa. Upande ule ni plastiki nene tu, kama kioo cha dirisha. Taarifa ziko juu, chini kidogo ya upande wa lebo, ule unaoandikwa kwa kalamu, na kinachozilinda pale ni rangi nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Mimi nilikwaruza dirisha nikadhani nimevunja nyumba. Na dirisha lililokwaruzwa linasuguliwa. Vijana wa vibanda vya nyimbo walilijua hilo zamani. Walisugua CD za watu kwa dawa ya meno na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, polepole, na nyingi zilirudi kucheza.

Mmoja wa vijana hao aliitwa Kaitira. Kwao ni Kiriba, na kibanda chake cha kuingiza nyimbo kwenye simu kilikuwa Kigera, si mbali na kwangu. Alikwenda kusalimia nyumbani, akapita kando ya shamba la dada, akaomba CD moja akidhani huenda ina kwaya ya zamani. Dada akamwambia achukue tu, ziko nyingi. Ilikuwa imekaa juani siku nne. Ingekaa miezi, labda jua lingenisaidia.

Jumatatu alikuja kwangu. Hakukaa alipokaribishwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Kaitira. Vipi Kiriba?"

Akatoa CD mfukoni akaiweka mezani. Ilikuwa safi, inang'aa, inanukia dawa ya meno. Akasema dada yangu amemwambia imetoka kwangu. Akasema imefunguka, ina orodha ya majina, kijiji, kipimo na majibu. Kisha akaniambia jina alilolikuta mle.

Lilikuwa la shemeji yake. Kaitira ana dada aitwaye Nyabwire, fundi cherehani, aliyeolewa Butiama na mtu aitwaye Masatu. Walikuwa wamekaa miaka saba bila mtoto. Kwa miaka saba ukoo wa Masatu ulimsema Nyabwire, kwanza kwa mafumbo, kisha bila mafumbo. Na sasa walikuwa wameitisha kikao, Jumapili ile iliyokuwa inakuja, na kila mtu alijua kitakachoamuliwa: Nyabwire arudishwe kwao Kiriba, Masatu aletewe mke mwingine. Kumbe Masatu alikwenda kupimwa mbali, Bunda, mahali ambapo hajulikani. Na majibu yalikuwa mle. Mwenye tatizo la kupata mtoto alikuwa yeye, siyo mke wake.

"Jumapili naenda nayo," Kaitira akasema. "Nachapa karatasi, nasoma mbele ya wazee wao. Wamjue wa kumrudisha ni nani."

Niwaambie ukweli. Kwanza nilijiogopea mwenyewe. Halafu, nilipoacha kujiogopea, nilimwona yuko sahihi. Mimi nina dada. Kama angekuwa anatukanwa kwa uongo na mimi nikawa na karatasi mfukoni inayomsafisha, ningeikalia? Nilitafuta hoja ya kumzuia sikuipata. Nilichoweza ni kumwomba jambo moja, twende kwanza Bunda kwa mama wa masjala, kwa sababu ile CD ilikuwa imetoka mkononi mwake kabla ya wangu. Akafikiri. Akasema atakwenda, lakini CD itakwenda mfukoni mwake na itarudi mfukoni mwake.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Kiriba kuziondoa zile kumi na tisa. Dada alisimama kwenye mtama wake mikono kiunoni, akinitazama nikikata kamba moja baada ya nyingine.

"Kumbe umekuja kuwakaribisha ndege mezani," akasema. "Wawekee na maji ya kunawa."

Niliendelea kukata, kwa sababu sikuruhusiwa kumwambia kulikuwa na nini kwenye mapambo yake.

Kesho yake asubuhi tulikuwa Bunda. Dada Nyangeta alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari, akalipata lile jani, akanisomea kwa ile sauti yake ndogo: Zimeharibiwa zote ishirini. Majura. Akalifunga. Angenipiga makofi ingekuwa nafuu.

Akamgeukia Kaitira akamuuliza nani mwingine ameona. Kaitira akasema ni yeye peke yake. Akamuuliza kama alisoma majina mengine. Kaitira akatazama sakafu, akasema alipokuwa anashuka na orodha aliyaona.

"Hayo mengine utazikwa nayo," Dada Nyangeta akamwambia.

"Sawa, mama. Lakini hili moja dada yangu anafukuzwa kwa ajili yake. Kwa uongo."

"Najua ni uongo. Hii taarifa ni ya nani?"

"Ni ya ukweli," Kaitira akasema.

Lilikuwa jibu zuri, na nilimwona Dada Nyangeta akilipima. Akavuta kiti karibu naye. Akamwambia kwamba taarifa ile ni ya mtu aliyetoka mbali, akaingia chumba kile pale, akajieleza mbele ya mgeni mambo ambayo hajamwambia hata mama yake, kwa sababu aliahidiwa mlango umefungwa. Mlango umefunguliwa na sisi. Kwa hiyo wa kwanza kuambiwa ni yeye, siyo wazee wake. Akitaka isomwe, yeye Nyangeta atakwenda Jumapili aisome mwenyewe, hata kama atapoteza cheo chake. Asipotaka, basi.

"Na asipotaka, dada yangu je?"

"Hilo tutamuuliza dada yako. Au umeshamuuliza?"

Hakuwa amemuuliza.

Dada Nyangeta alikwenda kumweleza mganga mfawidhi yote, bila kunifichia hata moja, akafunga masjala, tukaondoka watatu. Tulishuka Makutano tukachukua pikipiki mpaka Butiama. Njiani Kaitira alikuwa ameweka mkono juu ya mfuko wa shati muda wote, kama mtu mwenye maumivu ya kifua.

Nyumba yao iko chini ya mawe makubwa, na cherehani ilikuwa barazani. Nyabwire alipomwona kaka yake aliinuka akicheka, halafu akaona nyuso zetu akaacha kucheka. Masatu alikuwa anarekebisha zizi la mbuzi. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye aibu ya kusalimia. Tukapewa viti na maji. Dada Nyangeta akanikanyaga mguu, maana yake ni wewe.

Nimewahi kutumbukia ziwani nikiwa na mabuti, na nilijisikia vizuri kuliko siku ile. Nikamwambia Masatu kwamba nilipewa siri yake niiharibu, nikaiharibu vibaya, nikaitundika shambani iwatishe ndege, na sasa imesomwa. Nikataja Bunda. Sikuhitaji kuendelea. Hakututazama sisi. Alimtazama mke wake.

Kaitira hakuweza kungoja.

"Dada, siyo wewe. Haijawahi kuwa wewe. Imeandikwa hapa."

"Najua, Kaitira," Nyabwire akasema. "Nilikuwepo."

Kaitira akashusha mkono kutoka mfukoni.

"Tulikwenda wote Bunda. Daktari alituambia tukiwa tumekaa hivi, mimi na yeye."

"Sasa kwa nini umewaacha wakuseme?"

"Kwa sababu mimi wakinisema, naendeleaga kushona. Yeye wakimsema hataweza hata kutoka nje. Nilichagua mwenyewe. Hukuniuliza, wewe umekuja na CD."

"Jumapili wanakurudisha nyumbani."

"Ninajua siku. Nimeshafunga nguo."

Hapo Masatu akainua kichwa. "Umefunga nguo?"

Nyabwire alikuwa anasawazisha kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani ingawa kilikuwa kimenyooka. Masatu aliingia ndani. Tulimsikia akisimama, nadhani alikuwa anayatazama masanduku ya nguo ya mkewe.

Alipotoka alimwuliza Dada Nyangeta kama ni lazima isomwe. Akaambiwa hakuna lililo lazima, neno ni lake. Akafikiri, mikono yake bado ina udongo wa zizi.

"Hiyo ikisomwa Jumapili, mimi nitakuwa nimekamatwa. Sitakuwa nimesema. Ivunjeni, halafu mniache niseme."

Kaitira akasimama. "Shemeji, nikiitoa hii ivunjwe, nabaki na nini? Miaka saba hukusema. Usiposema Jumapili je?"

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa kile kilichokuwa mfukoni mwa yule kijana. Ilikuwa silaha pekee aliyokuwa nayo dada yake, na tulikuwa tunamwomba aitupe kwa neno la mtu ambaye hadi siku ile alikuwa amejificha nyuma yake. Ningeulizwa mimi, nisingejua la kusema. Bahati nzuri hakuna aliyeniuliza.

Nyabwire alinyoosha mkono. Kaka yake alimtazama, kisha akaitoa CD mfukoni akamwekea kiganjani. Naye akanipa mimi.

"Fundi, safari hii uanze na upande wenye kazi."

Nikaomba mkasi. Akaniangalia kama nimemtukana. "Mkasi wa nguo? Huo hapana." Akaleta kisu cha jikoni na panga.

Niliigeuza, lebo juu. Nikaanza kuparua, na ile ngozi ya fedha ikatoka kwa magamba kama ya sato, ikaanguka kwenye gazeti nililotandika. Nikaparua mpaka ikabaki plastiki tupu, na nikiiinua naona cherehani upande wa pili. Kisha panga, vipande vidogo vidogo. Magamba tukayakusanya yote. Dada Nyangeta alisimama nyuma yangu kama zamani, akaokota kipande, akakigeuza. Ndipo akatoa daftari, akakata mstari juu ya maneno yangu ya kwanza, akaandika mapya, na tukaweka sahihi wote watano. Masatu aliandika jina lake taratibu, herufi moja moja. Zile kumi na tisa nilizimaliza kwa njia hiyo hiyo, Dada Nyangeta na mganga mfawidhi wakiona.

Zahanati ile haikunipa kazi tena kwa muda mrefu. Ilikuwa haki yao, na ninyi mkikosea namna hiyo msitegemee vingine. Tangu siku hiyo sikuandika neno bila shahidi, sikujaribu viwili nikaapia ishirini, na sikumpa mtu yeyote kipande cha chombo kwa matumizi mengine, hata awe dada yangu, hata kiwe kinang'aa vipi. Mnaniuliza mara nyingi ni drili gani nzuri. Drili yoyote nzuri. Mimi nawauliza nani amesimama nyuma yenu mnapotoboa, na yule mwenye taarifa, angekuwepo, angetikisa kichwa au angetulia?

Mtama wa dada ulibaki bila ulinzi kwa sababu yangu, kwa hiyo nilikwenda Kiriba kuuamia mwenyewe, kufukuza ndege, alfajiri mpaka jua linazama, na debe na fimbo. Jumapili ile niliipitisha shambani. Niliwasikia watu wakienda na kurudi ibadani, na kila niliposikia mlio wa pikipiki niligeuka. Hakuna aliyekuja.

Kaitira alikuja Jumatatu kabla ya saa sita. Alipita katikati ya mistari ya mtama bila kuvunja hata bua, akafika, akaamkia, akakaa juu ya jiwe karibu nami.

"Amesema mwenyewe," akasema. "Wazee hata hawajamaliza kusalimiana."

"Na dada yako?"

"Yuko kwake. Anashona."

Nilikuwa na maswali mengi. Alisema vipi, alisimama au alikaa, mama yake alifanyaje, ni nani aliyeanza kulia. Mnanijua. Mdomo ukafunguka, nikaufunga. Kundi la kwelea likatokea upande wa ziwani, likainama kuelekea kwetu. Nilimpa Kaitira fimbo, mimi nikapiga debe kwa mikono.